Mwanapili na Hodhi la Bi Mardhiya

Wapo watu mtaani kwetu Kiponda wanaosema Mwanapili Shaame alizaliwa na ufundi mikononi. Wanasema hivyo sasa. Mwaka jana hao hao walimwona akipita na ndoo ya zege kichwani na hata salamu walimwitikia kwa pembe ya mdomo. Mimi Thuwaiba nimefanya kazi katika nyumba ya Bi Mardhiya miaka kumi na tisa, nilikuwepo tangu mwanzo wa habari hii, na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu wengine wanaichafua.

Mwanapili ni mtu wa Jambiani. Mama yake analima mwani mpaka leo, na yeye mwenyewe alifunga mbegu za mwani kwenye kamba tangu usichana wake, hadi chumvi ikamchubua vidole. Akaolewa na Msabah, fundi mwashi wa mjini. Msabah alikuwa fundi wa nyumba za kale, zile za kuta za mawe na dari za boriti, na hakupenda kufanya kazi na mtu asiyemzoea, kwa hiyo akawa anakwenda kazini na mkewe. Huko Mwanapili alijifunza kuchekecha chokaa, kuipiga sakafu kwa ubao siku tatu mfululizo mpaka ishikane, na kupima kwa kamba na kwa jicho. Msabah alipofariki, miaka mitano iliyopita, alimwachia watoto wawili na mfuko wa vyombo vya kazi. Kazi zenyewe hakumwachia. Kazi hupewa mtu, na mjini humu hakuna aliyemhesabu mwanamke mwenye mfuko wa mwashi kuwa mtu wa kupewa. Akaenda kwa Hamid.

Hamid ndiye anayeshika kazi nyingi za ukarabati upande wetu. Si mtu mbaya, nisimsingizie. Anajua kusema na wenye nyumba, kanzu yake haina doa hata akitoka kwenye vumbi, na hilo peke yake linakuonyesha ni mara ngapi ameshika mwiko. Mwanapili akawa mtu wake wa zege: kuchota mchanga, kukoroga, kupandisha ngazi. Ungemwona anavyopanda ngazi zetu hizi za giza na ndoo mbili ungesema ameridhika. Hakuridhika. Siku moja tukiwa jikoni aliniambia kwamba kila akimwona fundi wa Hamid anatandika sakafu vibaya, huuma meno mpaka kichwa kinamgonga.

Sasa nije kwenye hodhi.

Bi Mardhiya, mwenye nyumba, alikuwa muuguzi, na kusimama wodini miaka thelathini kumemharibu magoti. Daktari alimwambia ajilaze kwenye maji ya moto kila siku. Mpwa wake akapata hodhi la kuogea kwenye hoteli moja iliyokuwa ikibadilisha vyombo vyake. Hodhi lenyewe ni la chuma kizito, jeupe ndani, lina miguu minne, halibanwi ukutani wala halijengewi. Linasimama peke yake katikati ya chumba cha kuogea kama ng'ombe zizini. Wapagazi wanane walilipandisha ghorofa ya pili kwa kamba kupitia dirishani, na lilipokwisha kuingia dirisha likatiwa nondo. Kwa hiyo halitoki tena.

Shida ikawa sakafu. Sakafu za nyumba zetu ni boriti, juu yake mawe, juu yake chokaa, na zina uzee wake. Ukizibebesha saruji na marumaru, na hodhi, na maji, na Bi Mardhiya mwenyewe ambaye Mungu amemjaalia mwili, unaitafutia nyumba balaa. Hamid akashauri itandikwe lamineti, zile mbao nyembamba za kiwandani, nyepesi, zinazoingiana ulimi kwa ulimi bila msumari, za aina isiyopitisha maji. Ushauri ulikuwa mzuri. Kazi ndiyo iliyokuwa ovyo.

Mafundi wake walitandika mbao kutoka ukuta hadi ukuta, wakalikalisha hodhi juu yake, wakapiga picha, wakaenda zao. Hiyo ilikuwa kabla ya masika. Mvua zilipoingia, na kila kitu mjini kikawa kinatoka jasho, hata chumvi mezani, zile mbao nazo zikataka kutanuka. Mbao za namna ile hazigandi kwenye sakafu, zinaelea tu juu yake, na zinahitaji nafasi ya kupumua pembeni. Hizi zilibanwa na ukuta huku na hodhi kule. Hazikuwa na pa kwenda ila juu. Asubuhi moja niliingia nikakuta sakafu imeumuka kama andazi, na kabla sijapata la kusema Bi Mardhiya alikuwa keshajikwaa, keshaanguka. Aliangukia magoti yale yale mabovu.

"Sitaki tena," alisema akiwa kitandani, Hamid amesimama mlangoni. "Bwana Hamid, ng'oa mbao zako. Na vile vyumba vinne vilivyobaki, nlivyokuahidi kazi yake, sivitengenezi. Nkifa wataamua warithi."

Hamid akasema kosa ni la hodhi, ni zito mno kwa nyumba hii, likatwe vipande litolewe. Mwanapili alikuwa nyuma yake na fungu la mbao mbovu begani. Akalitua chini.

"Bi Mkubwa, kosa si la hodhi," alisema. "Nipe mimi kile chumba cha hodhi. Nnaijua sakafu ile inataka nini."

"Wewe kazi yako zege," Hamid alimwambia, tena kwa upole, kama anayemwonea huruma. "Nsikilize, dada yangu. Ukiigusa kazi hii ikaharibika, kwangu usirudi. Na si kwangu tu. Wanaotoa kazi mjini hapa wote nnawajua, na mimi ndiye nnayeulizwa."

Hakuwa anajigamba, ndivyo ilivyo. Mwingine angeyameza maneno yake na kulibeba tena lile fungu. Mwanapili alimpa Hamid kisogo akamtazama Bi Mardhiya.

"Nkishamaliza, tulijaze hodhi maji, likae kutoka Ijumaa mpaka Ijumaa," alisema. "Sakafu isiponyanyuka, na chini kusipodondoka hata tone, unipe na vile vyumba vinne, kwa jina langu. Nkishindwa, mwani upo Jambiani. Nnachukua watoto wangu nnarudi."

Bi Mardhiya alimtazama kwa yale macho ya muuguzi anayekisia kama mgonjwa ataamka. "Haya," akasema.

Mimi niliona ni wazimu mtupu, na nilimwambia hivyo ngazini. Alinijibu kwamba kesho nije na nguo nisizozionea uchungu, kwa sababu msaidizi wake ni mimi.

Alikuja Jumamosi na ule mfuko wa Msabah. Mafundi wa Hamid huanza na futi. Yeye alivua viatu, akapiga magoti kwenye chokaa ya zamani, akachukua mpini wa nyundo, akawa anagonga shibiri kwa shibiri na sikio chini. Nikauliza tunabisha hodi kwa nani.

"Hebu sikia," alisema. Akagonga hapa, ikalia nzito. Akagonga pale, ikalia kama kifua cha mtu mwenye njaa. "Hii nzito ina boriti chini yake. Hii nyengine n'mawe na chokaa tu." Aligonga chumba kizima, na kila penye boriti akapiga mstari wa chaki. Alipomaliza, sakafu ilikuwa na mistari saba iliyonyooka, na miguu mitatu ya hodhi ilikuwa imesimama baina ya mistari, penye utupu. Mguu mmoja tu ndio uliobahatika kukaa juu ya boriti.

"Wamelikalisha hewani," alisema. Hakuwa na hasira, ila niliona anauma meno.

Kulisogeza hodhi ndiko kulikonitoa roho. Watu wanane hatukuwa nao. Tulikuwa na jeki, tuliyoazima kwa Haitham dereva wa teksi, na mbao mbili nene. Mwanapili alilaza ubao juu ya mistari ya boriti, akasimamisha jeki juu yake, akaweka ubao wa pili chini ya tumbo la hodhi, akasema bismillahi, akazungusha. Pembe moja ikanyanyuka kimo cha kidole. Mimi nikasukuma. Akateremsha, akahamia pembe ya pili. Kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri tulilisogeza nusu hatua. Mgongo wangu ulilia, nikamsema Mwanapili, nikamsema Haitham na jeki yake, nikawasema na wapagazi wote wanane. Hamid alipita kuchungulia akatukuta wanawake wawili tumelala kifudifudi chini ya hodhi, nguo zimejaa chokaa. Alicheka akashuka. Mwanapili hakugeuza hata shingo.

Chini ya kila mguu, palepale penye mstari wa boriti, alijengea kigogo cha mvule kimo cha vidole vitatu, akakishikiza kwa chokaa. Hodhi likateremshwa juu ya vigogo. Halafu ndipo alipoanza kutandika lamineti, na hapo nilimwelewa. Mbao zilipita chini ya tumbo la hodhi, na penye vigogo alizikata kwa msumeno mdogo wa umeme, akaacha mwanya wa kidole kuzunguka kila kimoja. Hodhi likabaki limesimama juu ya nyumba yenyewe, na mbao zikabaki huru.

"Visigusane," aliniambia. "Hodhi na njia yake, mbao na njia yake. Zikitaka kutanuka zitanuke, hakuna aliyezikanyaga."

Mwanya mwengine aliuacha ukutani pande zote. Kila ulimi wa ubao aliupaka gundi kabla ya kuugonga mahali pake, kisha akaijaza mianya yote silikoni, ile dawa inayokauka ikabaki laini kama mpira. Kwenye mlango akaweka kizingiti, nacho akakizungushia. Pembeni mwa chumba lipo tundu la kutolea maji, na ukingo wake aliupaka silikoni kwa kidole mara tatu, kila safari anangoja ikauke ndipo arudie. Nikamuuliza hiyo yote ya nini, wakati kwenye sanduku la mbao pameandikwa hazipitishi maji.

"Sanduku limeandikwa na mtu asiyekujua wewe, Bi Thuwaiba," alisema. "Mimi nnakuona unavyosafisha."

Nikanuna kidogo. Akaniambia sakafu hii haitaki ndoo wala fagio, inataka kitambaa kibichi basi, na mimi nikaitikia naam, naam, nimesikia.

Ijumaa hodhi likajazwa maji mpaka shingoni. Chini ya chumba kile iko stoo, na sakafuni humo nilitandika kanga nyeupe, tone likidondoka tulione. Kila asubuhi niliishuka ngazi na moyo mkononi. Mvua ilikuwa inapiga juu ya mabati ya mtaa mzima. Hamid alikwisha kumwambia asije kazini, kwa hiyo Mwanapili alikuja kwetu kila siku, akashika pima maji lake, akalilaza pembe hii na ile, akakaa kwenye ngazi. Nilimpa chai akaisahau ikapoa. Siku ya Jumatano mama yake alimpigia simu kutoka Jambiani kumuuliza kama amrekebishie kamba zake za mwani. Akajibu angoje kidogo. Nilitaka kulia, nikaenda kukuna nazi.

Ijumaa ya pili ikaja. Watu walipokuwa kwenye sala ya Ijumaa nikaingia chumba cha hodhi na kumkuta paka wa jirani ametangulia. Alikuwa amepita dirishani baina ya nondo, akakojoa pembeni mwa mlango, na ananitazama kama nimemchelewesha.

Sasa mtu wa kwetu ataelewa. Mkojo haufutwi kwa kitambaa. Hiyo ni najisi, na najisi inamwagiwa maji, sembuse siku ya Ijumaa, sembuse kwenye njia anayopita Bi Mardhiya miguu mitupu akitoka kutawadha kwenda kwenye msala wake. Sikufikiri. Mikono ilifanya kama ilivyofanya miaka kumi na tisa. Nikashuka, nikarudi na ndoo tatu. Niliziba tundu la maji kwa tambara, ili sabuni ikae kama ninavyopenda, nikamwaga ndoo ya kwanza, nikamwaga ya pili, nikasugua kwa fagio la chelewa mpaka povu likapanda. Ya tatu nilikuwa nimeinyanyua ndipo nilipoona miguu yangu imesimama wapi.

Maji yalikuwa yamefunika sakafu yote. Mbao hazikuonekana vizuri. Nikasikia sauti ngazini: Hamid ametoka msikitini amekuja kushuhudia, Bi Mardhiya na mkongojo wake, na Mwanapili nyuma yao. Nikatamani ukuta unimeze.

Walisimama mlangoni. Hamid alitazama maji, akanitazama mimi na ndoo yangu, akashusha pumzi. Wallahi sikuona furaha usoni mwake. Nadhani na yeye alisikitika.

"Basi," alisema. "Kazi imekwisha hii. Hata ingekuwa ya kwangu isingepona."

"Nimekuua, Mwanapili," nikasema. "Nimekuua kwa mikono yangu."

Mwanapili alivua viatu. Aliingia, maji yakamgubika vidole vya miguu. Alikizunguka chumba polepole akitazama pembezoni, akainama kwenye miguu ya hodhi, mmoja mmoja. Kisha akaja kwangu, akanitoa ndoo ya tatu mkononi, na mbele ya Hamid akaimwaga yote.

"Tundu lisizibuliwe," alisema. "Yakae mpaka alasiri."

Hakuna aliyemtaka afanye vile. Mapatano yalikuwa maji ya ndani ya hodhi, si ya nje. Hamid akamwambia, "Mwanapili, huna haja," naye akamjibu kwamba haja anayo, kwa sababu nyumba hii ina Bi Thuwaiba, na Bi Thuwaiba hana mpango wa kufa.

Tukashuka stoo wanne sisi. Bi Mardhiya akakaa juu ya gunia la mchele. Hamid alisimama anatazama dari kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi. Mimi nilitazama kanga. Kila nikipepesa macho niliona tone, nikiangaza halipo. Mwanapili alisimama ameegemea mlango, mikono nyuma, na nilisikia kucha zake zinakwaruza ubao. Alikuwa anaogopa kama sisi. Aliijua kazi yake, lakini kuijua hakumzuii mtu kuogopa, na watoto wake walikuwa shule wakati huo hawana habari.

Adhana ya alasiri ikatoka. Kanga ilikuwa nyeupe, kavu, nikaiokota nikaipitisha shavuni kuhakikisha.

Tulipanda. Mwanapili akavuta tambara, na maji yakashuka kwenye tundu kwa kelele. Nilikausha kwa taulo, magoti chini, kila ubao. Sakafu ikatokea kidogo kidogo, rangi ya asali, imelala. Akaweka pima maji kwenye pembe nne na katikati, na kila mahali lile tone la hewa likasimama baina ya mistari yake. Hamid akapiga magoti na kanzu yake nyeupe, jambo ambalo sikupata kuliona. Akapitisha kidole kwenye viungo vyote akitafuta palipovimba. Akabonyeza silikoni miguuni mwa hodhi. Akakaa kitako pale chini.

"Imekaa," alisema. "Hodhi umelisimamishaje?"

"Juu ya boriti," alijibu Mwanapili.

Bi Mardhiya alivua makubadhi yake akaingia. Alikwenda mpaka dirishani, akarudi, akakwenda tena, mkongojo ameuacha mlangoni. Mimi nilifurahi mpaka nikaona haya, kwa sababu saa chache nyuma nilikuwa muuaji na sasa najiona kama niliyesaidia.

"Vyumba vinne ni vyako," Bi Mardhiya alimwambia. "Kwa jina lako, kama ulivyotaka. Utaanza na cha kwangu cha kulala."

Mwanapili akasema ahsante, Bi Mkubwa, akaenda dirishani akatugeuzia mgongo. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Tukamwacha alie, Hamid akashuka taratibu bila kuaga.

Alipogeuka, Bi Mardhiya alikuwa keshaniamrisha nitoe maji baridi ya hodhini nifungulie ya moto. "Huendi nyumbani na vumbi lako," alimwambia. "Ingia uoge. Nataka nione linambeba mtu." Mwanapili akasema yeye hajapata kuoga ndani ya kitu kama kile, yeye ni mtu wa ndoo na kopo. Bi Mardhiya akamwambia hakumuuliza. Nikamtilia asmini chache majini, nikamfungia mlango.

Haukupita muda nikasikia mlango wa chini unabishwa. Hamid alikuwa amerudi. Kanzu yake bado ina alama mbili za maji kwenye magoti. Alisema kuna nyumba ya wageni alikotandika mbao kama zile vyumba vitatu, na tangu mvua hizi zianze zinanyanyuka, na mwenye nyumba ameanza kupiga simu. Akaniuliza kama Mwanapili yupo, akaniomba nimwite.

Nikamwambia yupo, na kazi anazo, ila sasa hivi anaoga.

"Basi ntamngoja," alisema Hamid, akaketi barazani. Mwanapili alikaa ndani ya maji yale mpaka yakapoa, na mimi sikumgongea mlango.